Uso wa Mke Wake kwa Rangi za Maji

"Nusu ya nyumba za mji huu nimezipaka mimi. Kumchora mke wangu kwenye karatasi ni kazi ya asubuhi moja tu!" Hayo aliyatangaza marehemu, kipaza sauti mkononi, kwenye harusi ya kitindamimba wake, tarehe 8 Juni 2019. Asubuhi hiyo ilichukua karibu miaka mitano.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tatu wa baba seremala na mama mshonaji. Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Adhabu yake ya mwisho shuleni, kupaka upya ubao aliouchorachora, ndiyo iliyomwonyesha kazi ya kufanya maishani.

Alipaka nyumba za watu hadi mwaka 2017. Kila ukuta aliupiga rangi mara tatu, mwenye nyumba atake asitake, hata akabatizwa Mzee Mara Tatu. Kuacha doa jeupe ukutani, kwake, ilikuwa sawa na kutoka nje bila suruali.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na muuza vitambaa ambaye duka lake alilipaka, akaambiwa arudie, akarudia, akaambiwa arudie tena. Safari ya nne alikuja na posa.

Magoti yalipogoma kupanda ngazi, alibaki nyumbani akilipaka jiko lake mwenyewe kila alipochoka kukaa. Binti yake muuguzi akamletea kisanduku cha rangi za maji. "Baba, shika hiki. Liache jiko lipumue."

Rangi za maji zilimtoa jasho. Alizipiga mara tatu kama ukuta. Karatasi zikatoboka, na uso wa mama, yule muuza vitambaa, ukageuka tope. Naye mama alishasema: sebuleni kwake haitundikwi picha mpaka ajitambue. Ukuta huo ndio marehemu alioutaka kuliko kuta zote alizowahi kulipwa.

"Baba watoto, huyu ni mimi au sufuria ya maharage?"

"Ngoja ikauke, mke wangu."

"Ikikauka nitakuwa sufuria iliyoungua."

Januari 2024 moyo wa marehemu ulianza kuchoka, akalazwa. Wodini alisuuza brashi kwenye glasi ya kumezea dawa.

"Mzee, unakunywa rangi?" sista akang'aka.

"Ya kijani tu, sista. Si mlisema nile mboga?"

Aliruhusiwa kurudi nyumbani, hana tena nguvu ya mara tatu. Tarehe 11 Mei mama alikaa dirishani akichambua mchele. Marehemu akapaka mara moja tu, akaweka brashi chini.

"Hapa shavuni umeparuka, pamebaki peupe," mama akasema.

"Huo ni mwanga. Nimeuacha."

Mama akavaa miwani. Akaishika karatasi mbali, akaileta karibu.

"Ee. Ndiyo mimi huyu."

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Alifariki usingizini, Jumapili tarehe 2 Juni 2024.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, na jiko ambalo kuta zake zimenenepa kwa rangi. Mungu ampe mapumziko mema, asimpe ngazi.

Picha ilitundikwa sebuleni jana, na mama mwenyewe ndiye aliyeipeleka kwa fundi, akailipia. Fremu yenye kioo: shilingi elfu nne na mia tano.