Mchicha wa Nyevu na Vibandiko Vilivyoigwa

Mgeni rasmi, Bi Mwanasaumu wa idara ya kilimo. Walimu, wapishi na majirani zetu: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Karibu

Sisi wakulima wa mboga wa Mishomoroni twakukaribisha kwa mikono miwili. Tope ulilolikanyaga pale njiani utusamehe. Ni la maji safi, na maji ndiyo tuliyokuitia.

Tulikotoka

Zamani mchicha wetu haukuwa na jina. Ukifika sokoni huchanganywa, mnunuzi asijue umenyweshwa nini. Yakavuma maneno kwamba mboga za huku kwetu Kisauni ni za maji taka. Mwenzetu Nyevu, anyweshaye kwa maji ya kisima chake, akawa anarudi na mafungu yake nyumbani na kuwapa mbuzi.

Ndipo katibu wetu, Salsabil, akatuletea kumbukumbu ya pamoja ya kwenye simu. Kila fungu lina kibandiko chenye alama yake. Mkulima huandika alikovuna na maji aliyotumia, mchukuzi huandika, na mpishi naye huandika akipokea. Kumbukumbu hiyo haikai kwa mwenyekiti wala kwa katibu. Kila mmoja wetu ana nakala yake, na hapana awezaye kuifuta peke yake. Nyevu alicheka, akauliza kama simu itampalilia pia. Lakini Bi Kuluthum, mpishi wa shule moja ya Mkomani, alipokiona kisima cha Nyevu kwenye simu yake, aliagiza mboga za wiki nzima.

Mtihani uliotupata

Mwaka jana watoto wa shule nyingine walishikwa na tumbo la kuendesha. Mboga walizokula zilikuwa na vibandiko vya Nyevu. Habari ilimkuta na jembe mkononi, akaketi palepale juu ya tuta. Aliuliza watoto wanaendeleaje, kisha akauliza tena. Alhamdulillahi, wote walipona.

Salsabil alipofungua kumbukumbu, akaona vibandiko vile ni vya mafungu ambayo Bi Kuluthum alikwisha kuyapokea na kuyapika. Simu ya mchukuzi ilisema hivyo, na zetu sote zilisema hivyo. Mtu alikuwa ameviiga.

Nyevu akaenda sokoni mwenyewe. Aliyekuwa akiuza mboga zenye vibandiko vile alikuwa Gershom, jirani yake wa ng'ambo ya mtaro wa maji taka, na hakukana.

"Mama, zangu hazinunuliwi," alisema. "Nachota mtaroni. Kisima sina."

"Na watoto ndio wanywe huo mtaro?" Nyevu akamuuliza.

Siku hiyohiyo walifuatana hadi kwa maafisa wa afya. Gershom akawaomba radhi wazazi, kisha akazing'oa mboga zake zote. Hasira za Nyevu zilikuwa hazijatulia, lakini alipomwona peke yake shambani, alivuka mtaro akamsaidia kung'oa.

Mafanikio

Kwa hayo jina letu lilisafika. Bi Kuluthum hakutuacha hata siku moja, na sasa hoteli za Shelly Beach, ng'ambo ya feri, nazo zatuagiza. Gershom sasa ndiye mchukuzi wetu, na fungu lisiloandikwa halipandi mkokoteni wake. Nyevu humtania kwamba amekuwa mkali kuliko askari wa bandarini.

Changamoto na maombi

Gershom amechimba visima viwili, vyote vikatoka maji ya chumvi. Wenzetu wengine wa upande ule wa mtaro wana shida iyo hiyo. Simu yaweza kutuambia maji ni machafu, Bi Mwanasaumu, kuyasafisha haiwezi. Twaomba bomba la maji matamu livushwe mtaro.

Ukimaliza kula, Nyevu atakupeleka ukaone. Matuta ya Gershom yako tayari, na mbegu amezitia mfukoni tangu aliposikia waja.

Mola akupe afya, akuzidishie baraka, na akurudishe kwetu siku ya mavuno ya ng'ambo ile, inshallah.

Ni sisi,
Wakulima wa Mboga wa Mishomoroni.