Mtu wa Pili Kwenye Mtaimbo

Mgeni aliingia karakanani bila hodi, wasikilizaji wapendwa, saa nne asubuhi, fundi akiwa anapiga tupa ufunguo wa kabati. Alikuwa mwanamke wa makamo, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefungiwa nje?" Ndivyo alivyomtania kila mteja.

"Hapana. Aliyefungiwa ni baba yangu. Na alifungiwa ndani."

Fundi akacheka kidogo. Mgeni hakucheka. "Alikuwa mwalimu wa hesabu," akasema. "Mlishika mtaimbo mmoja."

Tupa ikamponyoka fundi mkononi.

Huyo fundi ndiye tunayemkumbuka leo. Ni fundi wa makufuli, yule mliyemzoea kwa jina la Mvunja Lango. Amefariki wiki hii akiwa na miaka sabini na minne. Mgeni huyo alimjia mwaka jana, majuma matatu kabla ya sikukuu ya mapinduzi.

Turudi nyuma miaka arobaini. Fundi alikuwa akisema kwamba mapinduzi hayakumshtua, kwa sababu aliyaona yakija kupitia kazi zilizoletwa mezani pake. Kwanza walikuja wenye maduka, wakitaka makufuli makubwa. Unga ulikuwa umepanda bei mara tatu kwa mwaka mmoja, na wakubwa walikuwa wakijenga ghorofa mbele ya macho ya wenye njaa. Kisha zikaja ofisi za serikali. Zilitaka makufuli ya makabati, halafu ya milango, halafu ya madirisha. "Mama watoto," alimwambia mkewe, "hawa wanajifungia mchana kweupe. Wameanza kutuogopa."

Siku moja askari waliamriwa kupiga risasi foleni ya unga. Wakashusha bunduki. Baadhi yao walikuwa na mama zao kwenye foleni ileile. Kesho yake watu walikwenda gerezani, na lango likavunjwa kwa mtaimbo. Mtaimbo ulishikwa na watu wawili. Fundi alishika upande mmoja. Mwalimu wa hesabu alishika wa pili.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha. Fundi alikata makufuli ya watu bure, akiimba. Kisha walioshinda wakaanza kugombana. Mwalimu na wenzake walitaka uchaguzi. Wengine wakasema maadui bado wapo, uchaguzi usubiri. Wakabishana, wakanuniana, halafu wakaanza kukamatana.

Hapo ndipo Kamati ya wale waliotaka uchaguzi usubiri ilipomfuata fundi. "Wewe ulivunja makufuli ya zamani, unajua udhaifu wake. Tutengenezee yasiyovunjika."

Akatengeneza arobaini, kwa ajili ya gereza lilelile. Kila moja alilijaribu kwa mtaimbo, na kila liliposhinda alitabasamu. Ndiyo, alijivunia kazi yake. Wiki iliyofuata mwalimu aliwekwa nyuma ya moja ya makufuli hayo, na fundi alijua. Tunarudia ili isikike vizuri: alijua. Mwalimu alifia humo mwaka wa pili.

Watu walipochoka na hofu, akaja mwanajeshi mmoja akaahidi utulivu. Wakampokea. Picha ukutani zikabadilishwa, na siku ya lango ikafanywa sikukuu. Sikukuu ikahitaji shujaa, na shujaa alikuwepo, tena msimuliaji mzuri.

Mwaka wa kwanza redioni alisema, "Mimi na mwalimu." Mwaka wa pili, "Mimi na mwenzangu." Mwaka wa tatu, "Mimi." Hakuna aliyeuliza. Hata sisi hatukuuliza. Tunaona haya kulisema, lakini swali letu la kila mwaka lilikuwa limeshachapwa kwenye karatasi: "Mzee, ulivunjaje lango peke yako?"

Turudi karakanani. Fundi aliokota tupa, akaiweka mezani, akaiokota tena.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Sitaki uniombe radhi. Mwaka huu ukiulizwa, sema mlikuwa wawili."

"Basi?"

"Basi."

"Nitasema," akaahidi.

Mkewe aliposikia alikaa kitako jikoni. "Ukisema wawili, watauliza wa pili ni nani. Wakimjua, watauliza alikufaje. Watafika kwenye makufuli, baba. Wajukuu wako wanasoma shule yenye picha yako ukutani!"

"Najua."

"Basi sema umesahau. Kwa umri huo, nani atakubishia?"

Alitamani kweli kusahau. Binti yake ametusimulia: "Wiki nzima baba alijifanya mgonjwa. Tukimletea chai, anakohoa. Tukitoka, kikohozi kinapona. Siku yenyewe akaamka mapema, akavaa koti, akasema, 'Nimepona. Ugonjwa wenyewe ulikuwa aibu.'"

Alilipia alichokisema redioni siku hiyo. Shule iliishusha picha yake, na mjukuu wake mdogo akarudi nyumbani analia. Wazee waliokaa naye mstari wa mbele kila sikukuu waliacha kumsalimia. Karakana ilikaa wiki mbili bila mteja. Na sisi? Sisi tulimkatiza hewani, tukaweka muziki. Hatukumwomba radhi akiwa hai. Tunaomba sasa, na tunajua tumechelewa.

Tunawapa pole mkewe, binti yake na wajukuu. Tunampa pole pia binti wa mwalimu, kwa msiba wa miaka mingi ambao redio hii haikuwahi kuutangaza. Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mkikaa leo na wazee wenu wakawasimulia siku kubwa za nchi, waulizeni kwa upole nani mwingine alikuwepo, na baadaye alipelekwa wapi. Sisi vijana tunaotangaza leo bado tunaamini nchi inaweza kubadilika bila kula watu wake. Lakini itabidi tujue kwanza iliwalaje mara ya mwisho.

Tumalizie na siku ile ya sikukuu. Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti, akasoma karatasi yake. "Mzee wetu, shujaa wetu, ulivunjaje lango peke yako?"

Fundi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa vidole vyote.

"Tulikuwa wawili," akasema. "Wa pili nilimfungia mimi."