Mshale wa Tete Bichi

Sogeeni, wanangu, nawe Barnaba keti hapa karibu, maana ingawa mimi baba yako mkubwa nilikulea pamoja na hawa niliowazaa, maneno ya leo ni yako kwanza. Klementina ananikanda miguu wala sina habari nayo, na moyo ni hivyo hivyo. Nilidhani siku ya kusema haya nitalia, kumbe sisikii kitu.

Shamba la Katindiuka mgawane wewe Teofili na dada yako Klementina, msiitane barazani. Kisu changu cha mishale achukue yeye, ndiye mwenye subira: tete la mshale likomae, likae juu ya moshi wa jiko miezi miwili, ndipo ulinyooshe kwenye makaa, kwani tete bichi linakutii asubuhi, jua likipanda linapinda tena.

Nalijua hilo tangu utoto. Lakini mwaka wa hamsini na mbili nyati walikuwa wanatumalizia mpunga, mdogo wangu Fulgensi, baba yako Barnaba, akaja kutaka mishale, nami nikaona aibu kumwambia sina. Nikakata tete mtoni asubuhi ile ile, nikanyoosha, nikampa. Alikwenda na Pantaleo. Pantaleo akarudi peke yake, akasema mshale ulikwenda kando, nyati akamgeukia Fulgensi. Tulipofuata maiti niliuona majanini, umepinda, nikauvunja, nikauficha. Kisha nikasimama mbele ya watu nikasema mishale yangu haiendi kando, Pantaleo amekimbia, amemwacha mwenzake. Wakaniamini mimi fundi.

Miaka saba mnampita Pantaleo, mzee wa watu, njiani kama kisiki. Nawe Barnaba ulipotaka kumposa Aurelia, binti yake, nilikukataza kwa jina la baba yako. Ameshaolewa Mang'ula. Hilo siwezi kulirudisha, mwanangu.

Kwa hiyo nisizikwe kabla hamjafika kwa Pantaleo. Msipeleke kuku wala pombe. Mpeni shikamoo, ninyi nyote, Barnaba atangulie, na mseme mbele ya majirani zake kwamba mwongo nilikuwa mimi. Asipoitikia, rudini tena kesho yake.

Pumzi... ngojeni. Mungu awatunze, awape watoto na afya. Barnaba, lete kichwa nikuwekee mkono... Barnaba. Klementina, yuko wapi? Ametoka? Msimwite. Chungulieni tu, ameshika njia ya kwa Pantaleo, au... Basi. Msiniambie. Mungu amtangulie huko huko.