Kiti cha Cherehani Kubwa

Sogeeni, wanangu, na wewe kitindamimba zima hiyo simu, maana mzee wenu maneno anayo tele ila pumzi imebaki ya kupimia kwa kijiko.

Nyumba gawaneni vyumba sawasawa. Neno zito ni kiti cha cherehani kubwa, kiti cha mkuu wa karakana yetu ya ushonaji. Kitindamimba umesema, nami nimesikia, kwamba dada yako ametimiza sitini, kazeeka, zamu ya kukirithi akuachie wewe. Unamkumbuka nesi aliyekuja kupima wazee? Alinisimamisha kwa mguu mmoja, akanitaka niinuke kitini mara tano bila kushika kitu, akanihesabisha kutoka mia kurudi nyuma saba saba, akasema, "Babu, una themanini na tatu, lakini mwili wako ni wa sitini na tano." Nilivimba kichwa wiki nzima! Nawe wa thelathini na nane ukajitia kujaribu, ukainuka mara tatu ukaomba maji.

Ng'ombe hazeeki maini, walisema wahenga. Kuhusu macho hawakusema kitu. Miguu yangu ilikuwa ya kijana, ulimi wangu, marehemu mama yenu alisema, haujabalehe, ila macho yalinitangulia kuzeeka. Na sheria niliiweka mwenyewe: anayekalia kiti kile hutia uzi kwenye sindano kila asubuhi bila msaada, na siku akishindwa, ainuke. Kwa sheria hiyo nilimwinua kaka yangu, akaondoka analia, nami hadi leo naona haya. Mimi nilishindwa miaka tisa iliyopita. Kila asubuhi niliikuta sindano ina uzi tayari, nikajifanya sijui, na dada yenu akajifanya hajui kwamba najua. Alinisitiri, wala kiti hakukidai.

Basi sheria naifuta. Kiti ni cha dada yenu, na asiulizwe miaka, uulizwe mshono wake. Kitindamimba, kaa kando yake ujifunze kukata, na macho yake yakichoka, mtilie uzi kabla hajafika, kimya kimya. Baba yenu mkubwa mwambieni namwomba radhi.

Mungu awape miguu ya kusimama na... maji kidogo. Ahsante. Awape na moyo wa kusitiriana.

Nipeni sindano, nijaribu mara ya mwisho. Huu uzi... uko wapi... Naam, kitindamimba, nishike mkono, taratibu... Umeingia. Mmeona? Nimetia mwenyewe. Au sivyo, baba?