Mtoto wa Pili wa Mama Kornelia

Mchungaji wetu, wafiwa wenzangu wa hapa Columbus, na ninyi mliosafiri kutoka Louisville na Buffalo, mimi ni Methodi, kaka mkubwa wa marehemu, naomba mnivumilie, kwa sababu historia hii nimeiandika mara tatu, na mara mbili za mwanzo niliruka jambo ambalo leo sina budi kulisoma.

Ndugu yetu Pantaleo alizaliwa tarehe 9 Februari 1979 huko Nyanza-Lac, mkoani Makamba, Burundi, mtoto wa pili kati ya wanne wa marehemu mzee Aloisi na marehemu mama Kornelia. Oktoba 1993 tulikimbilia Tanzania, akasoma katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001, akiongoza darasa katika jiografia.

Tarehe 12 Juni 2008 tulifika Louisville, mtaa wa Iroquois, akafanya kazi ghalani, na Mei 2011 akaenda Alaska kwenye kiwanda cha samaki kwa mkataba wa miezi minne, akakaa miaka saba. Kijiji chake kilikuwa kwenye tundra, nchi tambarare isiyo na mti, ambayo udongo wake wa chini umeganda tangu enzi na enzi, ila siku hizi joto limezidi, udongo unalainika, nyumba zinainama, na yeye ndiye aliyeajiriwa kuzinyanyua kwa jeki. Mwaka 2016 alisaidia kuhamisha makaburi ya kijiji yaliyokuwa yakimomonyokea mtoni, na wazee wa kule wakamfundisha kuupima upepo na barafu kabla ya kutoka mlangoni. Aliporudi na kutusimulia hayo tulicheka, tukamwita Bwana Barafu, na aliyeanzisha jina hilo ni mimi.

Tarehe 22 Juni 2019 alifunga ndoa takatifu na Delfina hapa Columbus, Mungu akawajalia Irakoze mwaka 2020 na Kanyana mwaka 2022, naye akafanya tena kazi ya ghala, safari hii hapahapa, hadi alipougua.

Sasa nasoma lile nililoliruka. Mama yetu alifariki tarehe 13 Novemba 2022 nyumbani kwa dada yetu aitwaye Florida, mtaa wa Black Rock, Buffalo, nasi wa Louisville tukaondoka watu saba kwa gari moja, tukapitia hapa Columbus kumchukua Pantaleo, akakataa kupanda. Alisema ziwa la kule bado lina joto, na upepo wa baridi ukipita juu ya maji yenye joto theluji hushuka kama mchanga unaomwagwa na lori, tusubiri hadi Jumatatu, mama hana haraka tena. Nilimjibu mbele ya mkewe kwamba mwanamume anayeogopa theluji kuliko aibu ya kutomzika mama yake si mwanamume, tukaondoka.

Tumezoea kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile mkuu ndiye aliyekuwa hasikii. Ijumaa adhuhuri tulikwama karibu na Lackawanna, theluji ikafunika vioo, na Pantaleo akawa anapiga simu kila robo saa, akimwamuru mdogo wetu Yonasi atoke kuzibua bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, tuwashe dakika kumi tu na kuzima, tufungue kioo kidogo, mikono tuiweke makwapani, tusilale. Jioni tulipookolewa mwokoaji alisema bomba lingeziba tungekufa sote kwa hewa ya injini, tukidhani tunasinzia.

Barabara zilifungwa, kwa hiyo mama tulimzika Jumatatu, siku ileile aliyoitaja, na badala ya kushukuru niliona haya kwa kuokolewa na mtu niliyemwita mwoga, haya ikageuka hasira. Niliposimama kusoma historia ya mama nilisema ameacha watoto watatu, Methodi, Florida na Yonasi. Pantaleo alikuwa ameshafika, amekaa benchi la mwisho, koti lina theluji, akasikia, akainamisha kichwa, kisha akashika koleo na kufukia kaburi pamoja nasi.

Hakuniuliza kamwe. Aligundulika kuwa na saratani ya tumbo Machi 2025, nikamtembelea mara nne, nikazungumza habari za watoto na mpira, na kila mara nilirudi Louisville na neno langu kooni, hadi alipofariki tarehe 6 Oktoba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kulea watoto, wafanyakazi wenzake waliokesha naye kwa zamu, na shemeji Delfina, aliyenikabidhi karatasi hii ambayo marehemu alimwandikisha akiwa kitandani, akiagiza niisome mimi na si mwingine, nami naisoma kama ilivyo: «Nimeacha mke mmoja, watoto wawili, dada mmoja na kaka wawili, wa kwanza ni Methodi.»

Ndugu yangu, nimesimama mbele ya watu na haya usoni, nasema mama yetu aliacha watoto wanne. Pumzika kwa amani.