Xaverine Kamaliza na Milima ya Kaukazi

Ndugu waombolezaji, jirani zetu wa hapa kambini Dzaleka na ninyi mliotoka Lilongwe tangu alfajiri, mimi ni Étienne, mdogo wa marehemu, na nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, pamoja na kutoa jibu la ombi alilotuachia juu ya mjukuu wake Douce, anayetaka kuolewa na Rodrigue.

Xaverine Kamaliza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 huko Kadutu, Bukavu, mtoto wa kwanza wa mzee Kayumba na mama Umwali, waliotoka Rwanda kutafuta kazi. Alizaliwa na pua nyembamba ya bibi yetu, na msinung'unike kwamba hayo si ya kusomwa msibani, maana pua hiyo ilimpangia mengi.

Alianza shule kwa masista mwaka 1960, na kitabu cha darasani kikawafundisha kwamba watu wa pua kama yake ni ndugu wa mbali wa Wazungu, jamii ya Kaukazi, walioshuka zamani na ng'ombe wao wakatawala wengine. Baba yetu, ambaye ng'ombe alikuwa akiwaona kwa mchinjaji tu, alilipenda sana neno hilo, akawa analitaja mbele ya wageni kama mtu anayetaja ukoo wake.

Mwaka 1972 alipata diploma ya ualimu, akafundisha jiografia katika Bukavu ile ya samaki wa sambaza na mvua za jioni, ambayo mpaka leo naiota, na kwenye ramani akaikuta Kaukazi yenyewe, milima ya theluji kati ya Bahari Nyeusi na Kaspi. Akasoma pia kwamba jina hilo walipewa Wazungu na profesa mmoja wa Ujerumani, aliyekuwa na fuvu la mwanamke wa huko, akaliona zuri kuliko mafuvu yake mengine. Wanafunzi walimbandika jina la Madame Kaukazi, naye akaliitika.

Tarehe 6 Septemba 1975 alifunga ndoa na Norbert, fundi viatu, huyu mnayemwona hapa mbele, na baba hakuhudhuria, kwa sababu pua ya Norbert haikumpendeza. Mungu aliwajalia watoto watatu, lakini namjua dada yangu, kukosa baraka ya baba kulimuuma hata baada ya kuwa bibi.

Vita ilipofika Oktoba 1996, pua iliyokuwa sifa ikawa ya kumtafutia mtu kifo, na Norbert ndiye aliyemfunika mkewe shuka kama mgonjwa wa kipindupindu, akapita naye vizuizini huku akimshika mzee Kayumba mkono. Walifika Malawi, hapa Dzaleka, tarehe 3 Mei 2001, na baba alipolala hoi mwaka 2004, Norbert alimwogesha kila asubuhi, mpaka mzee akasema mbele yetu sote, "Huyu njo mutoto yangu." Dada alilia, akasema baraka imekuja, ila imechelewa.

Kuanzia mwaka 2006 aliuza vitenge katika soko la Tsoka, Lilongwe, wakikaa mtaa wa Area 36, na mwanafunzi mmoja wa Marekani alipojiita Kaukazi, dada alimwuliza ni wa kijiji gani cha milimani, yule binti akasema mababu zake walitoka Ireland. Mteja mwingine, aliyesoma Moscow zamani, alimwambia kwamba huko watu wa milima ile huitwa weusi, na dada akacheka mpaka akashika mbavu, akitamani baba angekuwa hai asikie.

Walirudi hapa Dzaleka mwaka 2023, wakimbizi walipoamriwa kurudi kambini, figo zikaanza kumsumbua, akalazwa Lilongwe, na akafariki tarehe 9 Machi 2025. Kitandani alisikia kwamba baadhi yetu wanataka kwanza kuchunguza ukoo wa Rodrigue, na mnajua kuchunguza kwetu kunaanzia wapi, akasema, "Mi nilichunguzwa tangu utoto. Bamuache mutoto aolewe."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, zikomo kwa jirani Wamalawi waliotupikia nsima, na asanteni wafanyabiashara wa Tsoka na walimu wenzake wa zamani.

Familia ilikaa jana, wengine kwa shingo upande, ikakubaliana. Kwetu msalaba wa marehemu hubebwa na mjukuu wa nyumba, na leo tunamwomba Rodrigue asimame aubebe. Dada yangu, jibu umelisikia, pumzika kwa amani.