Gaskin au Pinder

Benchi letu liko nje ya duka la kufulia nguo la Bi Ernestine Gaskin, limeegemezwa ukutani pale tundu la mashine za kukaushia linapotoa hewa ya moto. Asubuhi za baridi hewa ile inakupasha mgongo bure, na kwa sisi wazee hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kukaa hapo. Sababu ya pili ni kahawa, ambayo Bi Ernestine huiweka mlangoni kwenye birika kubwa la umeme. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa msimu wa kuchoma miwa. Upepo ulitoka upande wa mashamba, na kila mtu alikuwa amefunika kikombe chake kwa kiganja ili majivu yasidondokee ndani. Tulikuwa watatu. Shemasi, jina lake Ulysses McPhee, aliwafundisha vijana wa sekondari yetu mpira wa Kimarekani, ule wa kushika kwa mikono, kwa miaka mingi kabla hajaingia mambo ya kanisa, na mpaka leo anaongea na wewe kana kwamba umechelewa mazoezini. Breki ni Otis Ferguson, dereva mstaafu wa lori la miwa, na tulimpa jina hilo kwa sababu akianza kuongea hana. Mimi wananiita Panga. Nilitoka Jamaika kuja kukata miwa huku Florida, miwa ikapata mashine, mimi nikapata mke, nikabaki.

Kwa kawaida tunabishana kujifurahisha tu. Siku ile ubishi ulikuwa na kazi ya kufanya. Kamati ya uwanja wa shule ilikuwa imeamua kuupa uwanja jina, na Shemasi alitakiwa kupeleka jina moja kabla ya mchana. Majina yalikuwa mawili, Javonte Pinder na Dontrell Gaskin, vijana waliocheza msimu mmoja, wote wawili wadakaji. Mdakaji ni yule anayekimbia peke yake pembeni mwa uwanja, mpira unarushwa mbali mbele yake, na yeye inabidi aufikie kabla hajafikiwa na watu wanaotaka kumvunja. Pinder alikimbia mpaka akafika kwenye viwanja vikubwa vya watu wanaolipwa. Siku hizi anauza magari Atlanta, na tunamwona kwenye misiba. Gaskin alifika chuoni, akagongwa kichwa, akarudishwa uwanjani, akagongwa tena, kisha akarudishwa kwa mama yake. Yumo humo ndani dukani, kwenye chumba cha nyuma ambako taa huzimwa kwa sababu mwanga unamuumiza, anakunja mashuka ya watu.

Kamati ilisema kwamba likichaguliwa jina la Gaskin, mama yake aridhie, kwa kuwa mwenyewe hawezi kujisemea. Shemasi alikuwa amemfuata Bi Ernestine tangu jana yake, na Bi Ernestine hakukataa wala hakukubali. Alimwambia kwamba mpira umemchukulia mtoto, na kama angejua kwa hakika kwamba huyo uliyemchukua alikuwa bora kuliko wote, labda roho yake ingetulia kidogo. Basi njooni mbishane mbele yangu, akasema, na msinionee huruma. Ndiyo maana asubuhi ile alikuwa amesimama mlangoni anafuta kwa fulana kuukuu meza ambayo ilikuwa safi tayari.

Breki akashika upande wa Pinder. Mtu asiyemjua angedhani ni roho mbaya, lakini Breki hajui kuishi upande mmoja na mtu mwingine.

— Pinder alikuwa na mikono, akaanza. Ungemrushia tofali lililopakwa mafuta angelidaka, na angekurudishia likiwa kavu.

— Mikono hata muuza samaki anayo, Shemasi akasema. Sisi tunazungumzia kipaji, Otis. Gaskin alikuwa anausikia mpira. Wenzake wanageuka kuutazama, yeye kaupa mgongo, anakimbia tu, mkono unapanda juu wenyewe na mpira uko humo.

— Pinder alidaka siku taa za uwanja zilipozimika. Giza totoro. Mwamuzi alimtafuta kwa kiberiti, akamkuta keshaingiza mpira zamani, amekaa chini anafunga kamba za viatu.

— Gaskin aliruka siku ile tulipocheza na wale wa ng'ambo ya ziwa, watu wa viti vya juu kabisa wakamsalimia kwa jina.

— Kuna mechi mvua ilinyesha nusu ya uwanja, Breki akasema bila kupepesa macho. Pinder alipita katikati ya mvua akatokea upande wa pili mkavu.

Nikamwambia basi mvua ndiyo iliyokosa shabaha. Nikaongeza kwamba kwetu tunadaka mpira wa kriketi, ambao ni mgumu kama jiwe, na hatuvai kofia za chuma wala mito mabegani. Wote wawili wakaniambia ninywe kahawa yangu. Ndivyo wanavyonifanyia siku zote. Miaka yote hii kwenye benchi lao na bado sina kura.

Shemasi aliendelea mpaka akafika mahali pa kudai kwamba chuo kimoja kilituma mtu aje kumpima Gaskin mbio, mtu yule akabonyeza saa yake na kijana alikuwa keshafika, ikabidi aombwe arudi aanze upya. Breki akasema mtu yule hakubonyeza saa, alikuwa anabonyeza simu ampigie mkewe. Mimi nilicheka, lakini nilipomtazama Bi Ernestine nikaona hacheki. Aliikunja ile fulana ya kufutia meza na kuiweka kando.

— Shemasi, akasema, mimi nilikuomba ukweli. Mpaka sasa mnanipa hadithi za kwa kinyozi.

Shemasi akaona haya. Akakohoa, akaacha mzaha, akaeleza kwa sauti ya chini jinsi Gaskin alivyokuwa akijua mrushaji atakosea upande gani hata kabla ya mrushaji mwenyewe kujua, akawa keshafika huko anasubiri. Alisema kitu hicho hakifundishiki, na kwamba yeye amefundisha vijana mpaka nywele zimeisha na hajakiona tena. Sikuwahi kumsikia Shemasi akisema jambo kwa maneno machache namna ile.

Nilitegemea Breki atapinga. Badala yake alikitazama kikombe chake.

— Kuna kitu nitakubali, akasema hatimaye. Sungura.

Hapo kila mtu wa mji wetu anaelewa. Shamba la miwa likichomwa, sungura wanatoka mbio pembeni, na watoto wanakuwa wamejipanga wanawasubiri, wanawafukuza kwenye udongo mweusi ambao mguu unazama, wanawakamata kwa mikono. Huku mtoto hupimwa kwa hilo kabla hajajua hata kushika mpira. Watu wa vyuo wakija, jambo la kwanza wanalouliza ni kama kijana amekimbiza sungura. Na sisi hujibu kwa majivuno kana kwamba tumewafuga wenyewe, sungura na watoto.

— Nilikuwa naona kila kitu kutoka juu kwenye lori, Breki akasema. Pinder alikuwa anamfukuza sungura. Wote walikuwa wanafukuza. Lakini huyu mtoto wa Ernestine, mdogo vile, alikuwa anakwenda mahali ambapo sungura hajafika bado. Anainama, na sungura anamjia mikononi. Nilikuwa nasimamisha lori nimwangalie. Nilishafokewa kazini kwa ajili hiyo. Andika Gaskin, Shemasi. Nimebisha vya kutosha.

Breki kukubali kushindwa ni kitu ambacho sikutarajia kukiona nikiwa hai. Nilimwona Bi Ernestine akinyoosha mgongo, na uso wake, ambao kwa miaka mingi nimeuzoea ukiwa umefungwa, ukafunguka. Akamuuliza Shemasi kama kweli hakuna aliyemzidi. Shemasi akasema hakuna. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli. Nikajiona na mimi nimefanya kazi nzuri, ingawa nilichofanya ni kunywa kahawa.

Kwenye ngazi ya mlango alikuwa amekaa mwanamke mmoja Mhaiti, Rosemène, aliyekuja msimu ule kufungasha mahindi mabichi. Alikuwa anasubiri mashine imalize nguo zake na alikuwa ametusikiliza muda wote.

— Samahani wazee wangu, akasema. Huyo Gaskin ndiye yule kaka anayekunja mashuka mle ndani?

— Ndiye, binti, Shemasi akamjibu.

— Na yeye alikuwa anaupenda huo mpira?

Aliuliza kwa upole, kama mtu anavyouliza njia. Breki akacheka.

— Wewe binti ni mgeni, akasema. Mtoto akimbize sungura vile, halafu wewe uulize kama anapenda kukimbia? Ungemwona usingeuliza.

— Sungura tulikuwa tunakula, Otis, Bi Ernestine akasema.

— Wote tulikuwa tunakula, dada yangu.

— Hapana. Ninyi mlikuwa mnakula sungura pamoja na vitu vingine.

Bi Ernestine hakuwa amekasirika. Alionekana kama mtu anayetafuta kitu kwenye mkoba na hakioni. Akatueleza kwamba baba yake Dontrell alipoondoka, kulikuwa na misimu ambayo nyama ya nyumbani ilikuwa ni hiyo tu. Mtoto alikuwa anarudi na sungura wake, anawachuna pale bombani, ananawa, analala. Hakuwahi kusimulia jinsi alivyowakamata. Watoto wa majirani walikuwa wanasimulia mpaka usiku, yeye kimya. Mama mtu akadhani ni unyenyekevu.

— Sikumbuki kumsikia akisema ni raha, akasema. Shemasi, wewe ulishinda naye kila siku baada ya masomo. Aliwahi kukwambia?

— Alikuwa wa kwanza kufika mazoezini, Shemasi akasema haraka. Na wa mwisho kuondoka. Hata wenzake wakishakwenda makwao yeye bado yupo, anakusanya mipira, anasogeza meza...

Akasita.

— Meza gani? nikamuuliza, maana kwenye uwanja wao sijawahi kuona meza.

— Ya chakula, Shemasi akasema polepole. Tulikuwa tunawapa chakula baada ya mazoezi. Kilichobaki walikuwa wanaruhusiwa kubeba.

Nilitamani Breki aseme chochote, hata cha kijinga, naye akamwaga kahawa yake chini. Rosemène akainamisha kichwa, akaomba radhi tena, akisema hakujua kwamba ni swali baya. Bi Ernestine akamwambia si baya. Lilikuwa tu halijawahi kuulizwa, na mimi nilihuzunika kwa jinsi lilivyokuwa rahisi. Tulikuwa tumemjadili yule kijana mwaka baada ya mwaka, mikono yake, miguu yake, hata masikio yake, umbali wa hatua chache kutoka alipokaa.

Bi Ernestine akasema ngoja nikamuulize mwenyewe. Akaingia ndani. Shemasi akainuka akamfuata mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma, mimi na Breki nyuma yake kama watoto wanaochungulia harusi. Dontrell alikuwa amesimama kwenye mwanga hafifu, ameshika shuka kwa pembe mbili. Ni mtu mkubwa, mabega yanajaza chumba. Bado ni mtanashati, ukimtazama hujui kitu.

— Dontrell, mwanangu, mama yake akasema. Ule mpira uliokuwa ukicheza. Ulikuwa unaupenda?

Dontrell akamtazama mama yake, akafikiri. Niliona kabisa kwamba anafikiri, kwamba jibu liko mahali na yeye analifuata. Kisha macho yake yakampita mama yake, yakamkuta Shemasi mlangoni. Shuka likaanguka. Akasimama wima, visigino pamoja, mikono imenyooka ubavuni, kidevu juu.

— Ndiyo, Kocha.

Alilisema kwa nguvu, kwa sauti ya kijana wa shule. Vijana wote wa timu wanafundishwa kujibu hivyo. Ukiwauliza kama wako tayari, jibu ni hilo, na ukiwauliza kama wanaweza kuendelea wakati wanachechemea, jibu ni hilo hilo. Shemasi ndiye aliyewafundisha.

Nilimwona Shemasi akishika fremu ya mlango. Akainua kiganja kumwashiria kijana apumzike, alegeze mabega, lakini Dontrell akaendelea kusimama vile vile akisubiri aruhusiwe. Mama yake ndiye aliyemgusa mkono akamwambia basi, baba, inatosha. Akaliokota shuka, akampa pembe mbili, akashika mbili yeye. Wakalinyoosha, wakalikunja kati, wakasogeleana, wakalikunja tena.

— Andika Pinder, Shemasi, akasema bila kugeuka.

— Ernestine, Shemasi akasema, alikuwa bora kuliko wote niliowahi kuwafundisha.

— Najua. Andika Pinder.